Kuwazuru ndugu Ufipa wakati wa kipupwe: maandalizi ya safari ya nchi iliyo baina ya maziwa mawili

Kila ufikapo mwezi wa Disemba, ndugu zetu waishio Toronto na Chicago hutuletea picha za miji yao iliyofunikwa na theluji, na maziwa makubwa yaliyo kando yake yakiwa yameshika barafu ufukoni. Sisi tulioko Dar es Salaam, Tanga na Unguja huzitazama picha hizo tukawaonea huruma, kisha tukamshukuru Mola kwa joto letu. Wachache miongoni mwetu hukumbuka kwamba katika nchi yetu wenyewe upo mji wa baridi uliozungukwa na maziwa, na kwamba mji huo una ndugu zetu ambao hatujawatia machoni kwa miaka mingi.

Mji huo ni Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi. Upande wa magharibi uwanda huo unateremka hadi Ziwa Tanganyika, na upande wa mashariki unateremka hadi Ziwa Rukwa. Theluji haianguki huko. Lakini katika miezi ya Juni na Julai usiku wake hukaribia nyuzi 10 za Sentigredi na pengine hushuka chini ya hapo, na upepo mkavu huvuma tangu alfajiri. Kwa mtu aliyezaliwa Pwani, hiyo ni baridi ya kutosha kumfanya aahirishe safari mwaka hata mwaka.

Makala hii tunawaandikia wale wanaoahirisha. Likizo ya katikati ya mwaka, ambayo ndiyo nafasi ya wazazi wengi kusafiri na watoto, huangukia mwezi wa Juni, yaani wakati ule ule baridi inapokuwa kali. Mwenye kungoja joto la Oktoba huwakuta watoto wamekwisha kurudi madarasani. Kwa hiyo aliye na ndugu Ufipa hana budi kujifunza namna ya kuwaendea wakati wa kipupwe.

Haki ya jamaa na hofu mbili

Tuzitazame familia zetu. Kijana wa Tanga anaajiriwa serikalini, anapangiwa kazi Rukwa, anaondoka na mkewe. Watoto wanazaliwa huko, wanaanza shule huko, na bibi yao aliyeko Tanga anawajua kwa sauti ya simu tu. Kila mwaka bibi husema atakwenda, na kila mwaka wanawe waliobaki naye humzuia. Humwambia kwamba baridi itamdhuru. Wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba Sumbawanga ni mji wa wachawi.

Hofu hizi mbili hazilingani. Ya kwanza ina msingi, nayo ina dawa, na sehemu kubwa ya makala hii itaieleza dawa hiyo. Ya pili haina msingi katika dini yetu, wala jina lenyewe la mji haliisaidii. Wenyeji hulifasiri neno Sumbawanga kuwa ni amri ya kuutupa uchawi: mwenye kuingia hapa na autupe uchawi wake. Jina lililokusudiwa kuwa onyo kwa wachawi limegeuzwa na watu wa mbali kuwa sifa yao. Muislamu anayeamini kwamba hapatikani wa kumdhuru wala kumnufaisha ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu hawezi kuikata jamaa yake kwa ajili ya uvumi wa namna hii. Na azisome nyiradi zake za asubuhi na jioni akiwa Sumbawanga kama azisomavyo akiwa Kariakoo.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kupenda kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, na aunge jamaa yake. Kuunga jamaa kwa simu ni jambo jema, lakini mtoto aliyewahi kupakatwa na bibi yake hamsahau. Na bibi mwenyewe, miaka yake inahesabika.

Kuijua nchi kabla ya kuiendea

Kadiri mtu apandavyo juu, hewa hupungua joto kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mtu aliyetoka usawa wa bahari akafika Sumbawanga amepanda hadi penye hewa iliyo pungufu kwa zaidi ya nyuzi 10, hata kabla ya kuhesabu upepo. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takriban Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka, mbingu huwa nyeupe bila mawingu, na joto la mchana hupotea haraka mara jua linapozama. Ndiyo maana mgeni aliyekuwa na fulana saa nane mchana hujikuta akitetemeka saa mbili usiku.

Dawa ya hali hiyo ni nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine, kwa sababu hewa iliyonaswa baina yake ndiyo inayohifadhi joto la mwili. Fulana ya ndani, shati au kanzu, sweta, kisha koti la kuzuia upepo, huhifadhi joto kuliko koti moja zito. Mchana mtu huvua moja moja, na jioni akazirudisha. Mama zetu wafahamu kwamba baibui jepesi la Pwani halizuii upepo wa Ufipa: nguo za sufu zivaliwe ndani yake, na shali nzito iwekwe juu ya mtandio. Kofia ya sufu na soksi mbili mbili zisisahauliwe kwa watoto. Hakuna haja ya kutumia fedha nyingi, kwani masweta na makoti mazuri yanapatikana katika masoko ya mitumba.

Njia na sala ya msafiri

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kisha Laela. Barabara yote ni ya lami. Basi hupita katika nyanda za baridi za Iringa na Mbeya usiku au alfajiri, kwa hiyo blanketi na sweta viwekwe mkononi, visifungiwe kwenye buti la gari. Msimu wa likizo abiria huwa wengi. Tiketi zikatwe mapema, na kwa wenye wazee ni bora kulala usiku mmoja Mbeya kuliko kuunganisha safari nzima.

Dini imemwekea msafiri wepesi. Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, huzisali rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Anaruhusiwa pia kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Alfajiri haikusanywi na nyingine, nayo ndiyo inayowapotea wasafiri wengi wa basi. Yafaa kiongozi wa familia azungumze na dereva na kondakta kabla ya gari kuondoka, kwa lugha njema, awaombe wasimame dakika chache wakati wa Alfajiri. Abiria watano wanaoomba pamoja husikilizwa kuliko mmoja anayelalamika gari likiwa katika mwendo.

Akishafika, msafiri aangalie muda atakaokaa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hukoma kupunguza sala tangu anapofika. Kwa hiyo bibi aliyenuia kukaa kwa mwanawe wiki tatu atasali sala kamili.

Mwanamke asiachwe asafiri peke yake masafa marefu kama haya bila ya maharimu. Jambo hili lipangwe mapema pamoja na nauli, ili lisije likawa sababu ya kuivunja safari siku ya mwisho.

Saa za sala si za Dar es Salaam

Lipo jambo ambalo wageni wengi hawalizingatii. Sumbawanga iko mbali sana magharibi ya Dar es Salaam, ingawa saa zetu za ukutani ni zile zile. Jua huchomoza na kuzama huko takriban dakika 30 baada ya kuchomoza na kuzama Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba adhana ya Magharibi inayosikika kwenye redio kutoka Dar es Salaam humfikia mtu wa Sumbawanga ilhali jua lake bado lipo juu. Aliyefunga Jumatatu au Alhamisi akifungua kwa adhana hiyo atakuwa amefungua mchana, na aliyesali Magharibi kwa adhana hiyo atakuwa amesali kabla ya wakati kuingia.

Ratiba ya ukutani iliyoletwa kutoka nyumbani ibaki nyumbani. Mgeni afuate msikiti wa mji aliofikia, na mwenye programu ya sala katika simu ahakikishe kwamba imebadilisha mahali.

Udhu wa maji ya baridi

Maji ya bomba ya alfajiri ya Julai huko Ufipa huuma vidole. Baadhi ya vijana huanza kuichelewesha sala hadi jua litoke, na wengine hupaka maji juu juu bila kufikisha viwikoni na visiginoni. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba kuutimiza udhu wakati wa uzito ni miongoni mwa mambo ambayo Mwenyezi Mungu hufutia kwayo madhambi na kupandisha daraja. Lakini dini haikutuamrisha kuitafuta tabu kwa makusudi. Kuchemsha maji ni jambo zuri, na birika moja lililowekwa jikoni usiku, likatiwa moto alfajiri, linaitosha familia nzima ikichanganywa na maji ya baridi.

Upo pia wepesi wa kupangusa juu ya khofu. Aliyezivaa akiwa na tohara kamili ya udhu hana haja ya kuzivua kila anapotawadha. Hupangusa juu yake kwa mkono uliolowa. Mkazi anao muda wa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri michana mitatu na usiku wake. Wepesi huu ni wa udhu tu. Kwenye josho la janaba khofu huvuliwa. Kuhusu soksi za kitambaa wanazuoni wametofautiana, na kila mtu amuulize sheikh wake kabla ya safari.

Ama kutayamamu kwa sababu ya baridi, wengi hulikimbilia jambo hili bila ya masharti yake. Swahaba Amr bin Al-Aas aliota usiku wa baridi kali akiwa katika msafara wa vita, akaogopa kwamba angeoga angeangamia, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alimuuliza, naye akaeleza kwamba aliikumbuka kauli ya Mola inayotukataza kujiua. Mtume akatabasamu, wala hakumlaumu. Ruhusa hiyo ni ya mwenye kuhofia madhara ya kweli na asiyepata njia ya kuyapasha maji moto. Mgeni aliye ndani ya nyumba yenye jiko na kuni hayumo katika hali hiyo.

Moto uliomo ndani ya nyumba

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote tulizozitaja. Baridi ya Sumbawanga yenyewe ni nadra kumuua mtu aliyevaa vizuri. Kinachoua ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku, madirisha yakafungwa, watu wakalala.

Mkaa unapoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimkeri mtu macho kama moshi. Inapoingia mapafuni huishika damu mahali pa oksijeni, na mwili ukakosa hewa huku mtu akidhani anapumua vizuri. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Aliyekwisha kulala hapati nafasi ya kuziona dalili hizo. Mkaa ulioiva ukawa mwekundu bila moshi hutoa gesi hiyo pia, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Wenyeji wengi wanaijua hatari hii. Mgeni wa Pwani, aliyezoea kupika uani na kulala dirisha wazi, ndiye asiyeijua, naye ndiye anayeona baridi zaidi na kuomba jiko. Kwa hiyo tunasema bila kificho: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba wanamolala watu, hata kwa saa moja, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Anayetaka kupasha chumba joto afanye hivyo mapema jioni madirisha yakiwa wazi, kisha jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Kitandani yatumike mablanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa iwekwe miguuni. Akikutwa mtu amelegea katika chumba chenye jiko, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali.

Mtume (s.a.w.) alitukataza kuuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, na nyumba ilipoungua Madina usiku na watu wake wakiwamo, aliwaambia Masahaba kwamba moto huu ni adui yao, basi wauzime wanapolala. Sunna hii inamhusu sana mwenye kusafiri Ufipa mwezi wa Julai.

Wagonjwa, wazee na watoto

Wapo watu ambao familia inapaswa kushauriana na daktari kabla ya kukata tiketi. Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa selimundu, kwa sababu baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kumwamshia maumivu makali. Akisafiri, avae vizuri muda wote na anywe maji mengi hata kama hasikii kiu. Wa pili ni mwenye pumu, ambaye hewa baridi na vumbi la kiangazi humbana. Dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni. Wa tatu ni mwenye shinikizo la damu, kwani baridi huipandisha. Abebe dawa za kutosha safari nzima na siku za ziada. Mjini Sumbawanga ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kadi za bima na vyeti vya mgonjwa visiachwe nyumbani.

Bibi anayekwenda kumlea mzazi na mtoto mchanga akumbuke kwamba desturi za Pwani za kumwogesha mtoto mara nyingi hazifai katika baridi ile. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Afunikwe kichwa, akaushwe haraka, na alale karibu na kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, ndani ya blanketi.

Kuteremka ziwani

Watoto wakifika Sumbawanga watataka kuliona ziwa, nao wana haki. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Njia iliyo nyepesi ni ile ya kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, zaidi ya kilometa 100 kutoka mjini. Wajerumani waliiita Kasanga kwa jina la Bismarckburg. Katika mpaka wetu na Zambia, upande huo huo, yako maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200. Umbali wa Kasanga unazidi masafa ya kupunguza sala, kwa hiyo hata yule aliyekuwa akisali sala kamili mjini huwa msafiri tena siku hiyo.

Ziwa liko chini ya uwanda kwa kiasi cha mita 1,000. Familia iliyoondoka na masweta asubuhi itayavua mchana, na pamoja na joto itakutana na mbu. Anayelala ziwani abebe chandarua. Watoto wasiogelee popote wapaonapo, kwani zipo sehemu zenye mamba na zenye kichocho. Waulizwe wavuvi kwanza. Anayetaka kusafiri kwa meli asiipange safari yake kabla ya kuuliza bandarini kama ipo na inaondoka lini.

Adabu ya mgeni

Waislamu wa Ufipa wanaishi pamoja na majirani ambao wengi wao ni Wakristo, hasa Wakatoliki. Mgeni atasalimiwa na kukaribishwa na wote, nasi tunahimiza aitikie kwa uso mkunjufu. Kwenye chakula amuulize mwenyeji wake kwa upole kuhusu nyama iliyochinjwa na kinywaji kilichotengenezwa kwa ulezi, kwani ulezi huo huo hupikwa ugali na hutengenezwa pombe. Samaki hahitaji kuchinjwa, na migebuka na dagaa wa Tanganyika ni neema isiyo na shaka.

Kutoka Pwani apeleke tende, nazi, iliki na karafuu. Kurudi atapata maharage, unga wa ulezi na mafuta ya alizeti. Mablanketi yake abebe mwenyewe, kwani nyumba ya mtumishi wa kawaida haina ya ziada kwa wageni sita. Akumbuke pia kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na baada yake ni sadaka ya mwenyeji. Anayekaa muda mrefu asaidie mkaa, unga na kazi za nyumbani.

Miezi bado ipo ya kujiandaa. Familia ikae kikao kimoja, iandike majina ya watakaokwenda, ihesabu nauli, imwone daktari wa bibi, na impigie simu mwenyeji kumuuliza ana mablanketi mangapi. Kisha bibi aambiwe tarehe. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awakutanishe waliotengana kwa masafa, na awalinde wasafiri wetu njiani na usingizini. Amin.